Kila jambo lina sababu yake. Je, bado tunachagua?

Swali limetoka kwa msomaji wa Tanga. Nalifupisha bila kugusa kiini chake:

"Shikamoo mwalimu. Kaka yangu anatumia unga, yaani heroini. Ameingia soba, nyumba ya kuwasaidia mateja kuacha, mara mbili, zote kwa miguu yake mwenyewe, na mara mbili amerudi kijiweni. Nikimsema ananijibu kwamba ndivyo alivyoandikiwa. Mwanangu wa kidato cha sita naye kaongeza utata: anasema wanasayansi wamepima ubongo wakakuta unaamua kabla mtu mwenyewe hajajua, na kwamba kila tendo linatokana na sababu zilizotangulia, hivyo hakuna anayechagua chochote. Ikiwa ni kweli, hasira zangu kwa kaka ni dhuluma. Na mimi je? Jumapili alikuja kuomba elfu tano. Nilisimama mlangoni, nikijua zikitoka zinakwenda kijiweni, nikijua pia usiku wake utakuwa mgumu, nikamnyima. Nilichagua, au nami nilisukumwa tu? Hiari na sababu vinaweza kukaa nyumba moja?"

Marahaba, dada, na pole kwa mtihani huu.

Nikutangulizie msimamo wangu ili usome bila wasiwasi. Naamini hiari na sababu vinakaa pamoja. Kaka yako hiari yake imepungua, haijaisha. Wewe ulipomnyima pesa, ulichagua. Mwanao amekosea hitimisho, ingawa ameshika jambo moja zito ambalo watu wazima wengi hulikwepa, na nitalifikia.

Tuanze na kaka. Anaposema ameandikiwa, anadai kwamba mwisho umeshawekwa, na lolote atakalofanya katikati halibadilishi kitu. Dai hili lina umri mrefu. Wagiriki wa kale waliliita hoja ya mvivu: kama umeandikiwa kupona utapona, umwite tabibu usimwite, kama hukuandikiwa hutapona, hata umwite, basi usijisumbue kumwita. Mwanafalsafa Chrysippus, aliyefundisha Athens katika karne ya 3 kabla ya Kristo, aliamini kabisa kwamba kila tukio limefungwa na sababu zake, na bado aliikataa hoja hiyo. Alisema aliyeandikiwa kupona kwa mkono wa tabibu ameandikiwa pia kumwita tabibu. Kupona kunapitia kwenye kuita. Huwezi kulichomoa tukio la mwisho ukaliweka peke yake, halafu ukasema yaliyo kabla yake hayana kazi.

Kisa cha Umar bin Khattab na tauni huenda umekisikia tangu utotoni. Nakirejea kwa sababu husimuliwa haraka mno. Khalifa alikuwa safarini kwenda Shamu, nchi ya Syria na jirani zake. Alipofika Sargh, mahali njiani, akapokewa na majemadari wake na habari kwamba tauni imeingia nchi hiyo. Hakuamua papo hapo. Aliwaita Muhajirina wa mwanzo, waliohama Makka kwa ajili ya dini, akawataka ushauri, wakatofautiana. Akawaita Ansari, wenyeji wa Madina waliowapokea, nao wakatofautiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakasema kwa sauti moja arudi na watu. Akatangaza kurudi. Abu Ubaida bin al-Jarrah akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, yaani yale aliyoyaandika. Umar akajibu kwamba ndiyo, wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha akampigia mfano: ukishuka na ngamia wako kwenye bonde lenye pande mbili, moja ina malisho na nyingine kame, ukiwalisha penye majani umewalisha kwa kadari ya Mungu, na ukiwalisha penye ukame umewalisha kwa kadari ya Mungu.

Tazama mpangilio wa kisa. Mashauriano matatu yanatangulia jibu kuhusu kadari. Mchungaji anayeamini kadari bado ana kazi ya kuinua macho aone upande upi una majani, na hakuna wa kumfanyia kazi hiyo. Baadaye wanazuoni walibishana mno juu ya namna ya kulieleza hili: kundi la Mu'tazila lilisema mja ndiye mwenye kuyaumba matendo yake, al-Ash'ari, katika karne ya 10, akasema Mungu huyaumba na mja huyachuma, yaani huyafanya yawe yake. Lakini msimamo wa kwamba mja hana lolote lake, uliohusishwa na Jahm bin Safwan, ulikataliwa na walio wengi. Kaka yako akitaka kujificha nyuma ya dini hatapata pa kujificha kwa urahisi.

Hoja ya mwanao ni nyingine, na ina nguvu zaidi, kwa sababu haisemi kwamba matendo hayana kazi. Inasema yana kazi, ila nayo yamefungwa. Wanafalsafa huiita ditaminizimu: hali ya ulimwengu kwa wakati fulani, ikichukuliwa pamoja na kanuni za maumbile, huacha njia moja tu ya mambo kuendelea. Mfaransa Pierre-Simon Laplace aliieleza mwaka 1814 kwa kuwazia akili inayojua mahali ilipo kila chembe na nguvu zote zinazoisukuma. Kwa akili hiyo, alisema, hakuna jambo lingekuwa na shaka, na wakati ujao ungekuwa mbele ya macho yake sawa na uliopita.

Mwaka 1983 Mmarekani Peter van Inwagen aliipa hofu hii umbo ambalo hadi leo wanafalsafa hawajakubaliana namna ya kulijibu. Kama ditaminizimu ni kweli, matendo yetu ni matokeo ya vitu viwili: jinsi ulimwengu ulivyokuwa kabla hatujazaliwa, na kanuni za maumbile. Yaliyokuwa kabla hatujazaliwa hayamo mikononi mwetu. Kanuni za maumbile hazimo mikononi mwetu. Basi matokeo yake, pamoja na tendo lako la Jumapili, nayo hayamo mikononi mwetu. Isome tena taratibu. Ikikubana kifua umeielewa, na mtu akikuambia kwamba ni hoja ya kitoto, hajaisoma.

Wengi wakibanwa hivi hukimbilia fizikia ya karne ya 20. Ni kweli kwamba tangu miaka ya 1920 wanafizikia walio wengi wamekubali kwamba chembe ndogo kabisa hazifuati njia moja iliyofungwa: hakuna awezaye kusema atomu fulani ya radiamu itapasuka lini. Lakini hilo linakusaidia nini wewe? Kama mkono wako ulikataa kutoa elfu tano kwa sababu chembe fulani kichwani ilijirukia yenyewe bila mpango, tendo hilo limekuwa mbali nawe kuliko mwanzo. Bahati nasibu haimpi mtu hiari. Wapo wanafalsafa, Robert Kane akiwa hodari wao, waliojaribu kujenga hiari juu ya pengo hilo. Nimewasoma kwa heshima, sikushawishika.

Mimi nasimama upande wa wapatanishi, wale wanaosema hiari haihitaji pengo lolote katika sababu. Na hoja ya van Inwagen naijibia kwenye neno "uwezo".

Tunaposema mtu angeweza kutenda vingine, tunasema nini hasa? Chukua mpishi hodari wa pilau aliyelala fofofo saa nane za usiku. Je, anaweza kupika pilau? Anaweza. Kwa hali aliyo nayo sasa hivi hatapika, na ukijua kila kitu kuhusu usingizi wake utasema bila shaka kwamba hatapika, lakini uwezo anao: mikono ipo, na ulimi unaojua kama binzari imezidi upo. Jirani yake ambaye hajawahi kushika mwiko hawezi, hata akiwa macho na njaa inamuuma. Tofauti kati ya hawa wawili ni ya kweli, na ditaminizimu haiifuti. Inatuambia ni uwezo upi utatumika kwa saa ipi. Haituambii kwamba mwenye uwezo na asiye nao ni sawa.

Van Inwagen atasema nimekwepa: yeye anauliza kama ungeweza kutenda vingine huku kila kitu kikibaki vilevile kabisa, pamoja na kila wazo lako. Hapo ndipo tunapoachana. Huo uwezo anaoutaka ni upi? Ulisimama mlangoni, ukafikiri, ukapima, ukaona asipewe. Uwezo anaoudai ni wa mkono wako kutoa pesa hata hivyo, bila wazo lolote kubadilika, kinyume cha yote uliyoyapima. Mtu mwenye uwezo wa namna hiyo angejiogopa. Ninachokitaka mimi, na nadhani ndicho unachokitaka wewe, ni kwamba kama mambo uliyoyapima yangekuwa mengine, tendo lako nalo lingekuwa jingine. Uwezo huo tunao, na unafanya kazi kwa njia ya sababu.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni sababu zimepitia wapi. Gari likikugonga kwa nyuma ukamwangukia mtoto, kuanguka kwako hakukupitia kwenye fikra zako hata kidogo. Ukimsukuma kwa sababu umekasirika, kumepitia humo. Matukio yote mawili yana sababu kamili. Sheria zetu zinalijua hilo. Sheria ya Kanuni za Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 10, haimhesabii mtu kosa kwa tendo lililotokea bila utashi wake, na kifungu cha 13 kinamtoa yule ambaye maradhi ya akili yalimzuia kuelewa anachofanya au kutambua kwamba hapaswi kukifanya. Hakuna mahali ambapo sheria inauliza kama tendo lilikuwa na sababu. Hakimu anajua lilikuwa nayo. Anauliza ni sababu ya namna gani.

Wapatanishi wa kwanza walirahisisha mambo mno. Mwingereza Thomas Hobbes, aliyejadiliana na Askofu John Bramhall mjini Paris mwaka 1645, aliridhika na hiari ya mtu kufanya alitakalo bila kuzuiwa na kitu cha nje. Mskoti David Hume mwaka 1748 alisema karibu yaleyale: asiyefungwa minyororo ana hiari ya kutenda au kutotenda kadiri anavyotaka. Mtazame sasa kaka yako. Hana minyororo. Anataka unga, anakwenda, anautumia. Kwa kipimo cha Hobbes yuko huru kama samaki baharini, na wewe uliyemwona akitetemeka unajua hiyo si kweli. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alikiita kipimo hiki ujanja duni, mwaka 1788, na kwa hilo alikuwa na haki.

Aliyetuondoa hapo ni mwanafalsafa Mmarekani Harry Frankfurt, katika makala yake ya mwaka 1971, na mfano alioutumia ni wa mateja. Nawachukua wawili. Wote wana kiu ileile ya dawa, mwili unawadai sawasawa. Wa kwanza ana matakwa mawili yanayogombana, kutumia na kutotumia, na juu ya hayo ana takwa jingine: anataka lile la kutotumia ndilo lishinde. Linaposhinda lile la kutumia, anahisi ameburutwa na kitu kisicho chake. Wa pili kiu yake ameikubali, hata ingepungua angetafuta namna ya kuirudisha. Kwa Frankfurt, yule wa kwanza amenyimwa hiari ya utashi kwa maana kamili ya neno: utashi wake si ule anaoutaka. Kaka yako aliyekwenda soba mara mbili kwa miguu yake ni yupi kati ya hao? Swali hilo ni muhimu kuliko kauli yake ya kuandikiwa, na jibu lake limo ndani ya barua yako.

Hata hivyo Frankfurt hatoshi. Mtu anaweza kulewesha akili ya mwenzake hata yale matakwa ya juu yakawa ya kupandikizwa. Ndiyo maana napenda kuongeza kipimo cha wanafalsafa John Martin Fischer na Mark Ravizza, cha mwaka 1998: je, kile kinachozalisha tendo la mtu kinaweza kuzitambua hoja na kuzifuata, angalau baadhi yake? Kipimo hiki kina faida kubwa, kwamba kinakubali viwango. Mtu anaweza kuwa na hiari nyingi asubuhi na kidogo sana jioni.

Kuhusu uteja tuna ushahidi wa kutosha kwamba hoja bado zinaingia. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Stephen Higgins na wenzake huko Vermont, Marekani, waliwapa watumiaji wa kokeini hati za kununulia vitu kila mkojo wao ulipopimwa ukakutwa safi. Waliopewa hati walijizuia zaidi kuliko waliopata matibabu bila hati. Mtu ambaye mkono wake unatetemeka kwa ugonjwa wa neva hutamponya kwa hati ya dukani. Miaka ya 1970 mtafiti Lee Robins aliwafuatilia askari wa Marekani waliokuwa wamekuwa mateja wa heroini Vietnam. Katika mwaka wa kwanza baada ya kurudi nyumbani ni 5% hivi tu yao waliorudia uteja. Vijiwe, marafiki, hofu ya vita, urahisi wa kuipata dawa, vyote vilikuwa vimebaki ng'ambo. Usisome hilo kama lawama kwa kaka yako, eti wenzake wameweza. Lisome kwa upande wa pili: mahali mtu alipo ni sehemu ya uwezo wake. Soba zinapomrudisha mtu mtaa uleule, kwa wauzaji walewale, zinamrudisha na hiari iliyo finyu.

Nakuja sasa kwenye jambo ambalo kwangu ndilo linaloamua mjadala wote. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, na tangu hapo huduma hiyo imefika mikoa mingine. Mgonjwa hunywa dozi yake mbele ya mhudumu mara moja kwa siku. Heroini hupanda haraka na kuisha baada ya saa chache, kisha arosto inaingia: maumivu ya mifupa, kuharisha, jasho, akili yote imegeukia kete inayofuata. Methadoni inakaa mwilini siku nzima na zaidi, haimpandishi mtu wala haimtupi chini. Waulize wanaoitumia imewapa nini. Watakuambia imewapa siku. Wanaweza kukaa kwenye mkutano wa familia, kufanya kazi bandarini, kufikiri juu ya kesho kutwa.

Methadoni ni sababu tupu. Ni kemikali inayoingia mwilini na kukamata vipokezi vya ubongo kwa kanuni zilezile za maumbile ambazo van Inwagen anasema hazimo mikononi mwetu. Kama sababu zingekuwa adui wa hiari, kumwongezea mtu sababu nyingine kungempunguzia hiari. Kinachotokea ni kinyume chake, na mtu yeyote aliyeishi na teja anakiona kwa macho. Sababu hii inaituliza ile kelele na kuuacha uwezo wa kupima mambo ufanye kazi. Basi sababu nyingine huiziba hiari na nyingine huijenga. Malezi huijenga. Usingizi wa kutosha huijenga. Elimu huijenga. Ukilikubali hilo umeshakuwa mpatanishi, hata kama hujui jina lake.

Vipi kuhusu ubongo unaoamua mapema? Nadhani mwanao ameona habari za majaribio ya mtafiti wa ubongo Benjamin Libet, yaliyochapishwa mwaka 1983. Watu waliketi mbele ya saa ambayo nukta yake huzunguka mara moja kwa sekunde 2.56, wakaambiwa wakunje mkono wakati wowote wanaotaka, kisha waseme nukta ilikuwa wapi walipohisi hamu ya kukunja. Umeme wa maandalizi ubongoni ulianza milisekunde 550 hivi kabla ya mkono kusogea. Hamu ilihisiwa milisekunde 200 hivi kabla. Mwaka 2008 kundi la John-Dylan Haynes huko Ujerumani lilitumia mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo, likaweza kukisia sekunde kadhaa mapema kama mtu atabonyeza kitufe cha kushoto au cha kulia. Usahihi wake ulikuwa karibu 60%, na kubahatisha tu kungeleta 50%.

Majaribio ni ya kweli. Tatizo ni yalichopima. Mtu ameambiwa akunje mkono bila sababu yoyote ya kukunja sasa badala ya baadaye. Yaani kile kinachofanya uchaguzi uwe uchaguzi, kupima hoja, kimeondolewa kwa makusudi ili kipimo kiwe safi. Ulipokuwa mlangoni Jumapili hukuwa ukisubiri mkono ujisikie kusogea. Tena mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walionyesha kwamba ule umeme unaopanda polepole unaweza kuwa ni mawimbi ya kawaida ya ubongo yanayopanda na kushuka; mtu asipokuwa na sababu ya kuchagua saa, mkono husogea wimbi likiwa juu, na ukikokotoa wastani kwa kurudi nyuma utaona mpando ambao si uamuzi wowote. Libet mwenyewe aliamini mtu anabaki na nafasi ya kulizuia tendo baada ya hamu kutokea. Mimi naongeza jambo moja tu: ubongo unaoandaa uamuzi ni wako. Kutarajia uamuzi uanze kichwani bila chochote kuutangulia ni kutarajia muujiza, kisha kulalamika kwamba muujiza haukuonekana kwenye mashine.

Nimebakiwa na hasira zako, na hapa ndipo mwanao anapostahili kusikilizwa.

Mwanafalsafa Mwingereza Peter Strawson, katika hotuba iliyochapishwa mwaka 1962, alisema kinyongo, shukrani, hasira na kusamehe ni namna ya kuishi na mtu kama mwenzako. Tunavisimamisha kwa muda tunapoona mwenzetu hajiwezi, tukamtazama kwa jicho la mwuguzi. Lakini ukimtazama mtu kwa jicho hilo siku zote umemwondoa miongoni mwa watu unaozungumza nao. Amebaki mtu wa kusimamiwa. Hasira yako kwa kaka ina dai ndani yake: kwamba wewe ni ndugu yangu, unaweza, na unanidai na mimi nakudai. Kuizima kabisa eti kwa sababu ya sayansi hakutakuwa kumhurumia. Kwa hivyo si dhuluma. Inakuwa dhuluma pale unapoitupa katikati ya arosto, wakati uwezo wake wa kusikia hoja umeshuka karibu na chini kabisa, au unapomdai alingane na wewe ambaye mwili wako haujawahi kudai kete.

Lile jambo zito la mwanao ni hili. Hakuna aliyejitengeneza. Kaka yako hakuchagua mwili wenye kupokea heroini namna ile, wala mtaa wenye unga, wala rafiki aliyempa kete ya kwanza akiwa na umri wa kutojua. Nawe hukuchagua uthabiti wako. Mwanabiolojia Robert Sapolsky wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyewachunguza nyani huko Kenya kwa miaka mingi, ameandika mwaka 2023 kwamba ukizihesabu sababu hizi zote, kuanzia tumboni mwa mama hadi sekunde iliyotangulia tendo, hiari haina pa kukaa. Nimeshaeleza kwa nini sikubaliani na hitimisho lake. Lakini kuna kitu kimoja ambacho nadhani ameking'oa kweli, nacho ni wazo la kwamba mkosaji anastahili kuumia kwa ajili ya kuumia tu, hata kama maumivu hayo hayamrekebishi, hayamlindi mtu wala hayamfidii aliyekosewa. Ili mtu astahili hilo ingebidi awe amejiumba mwenyewe toka mwanzo, na hakuna aliyejiumba. Kumdai mtu, kumwekea mipaka, kumfunga akiwa hatari, kumtaka aombe radhi, hayo yote yanabaki. Kisasi hakibaki.

Mahakama zetu zinasogea huko zenyewe. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba adhabu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji inakiuka Katiba, kwa sababu inamzuia jaji kusikiliza hali na mazingira ya mtu aliye mbele yake. Majaji hawakusema wauaji hawana hiari. Walisema lazima mtu asikilizwe alivyofika pale.

Na elfu tano? Jipime kwa kipimo kilekile nilichompimia kaka yako. Kama angekuja na cheti cha dawa kutoka hospitali, ungempa? Kama ungekuwa na hakika kwamba anakwenda kula, ungempa? Nahisi jibu lako ni ndiyo kwa yote mawili. Basi kukataa kwako kulifuata ulichokijua na ulichokithamini, na vingebadilika nako kungebadilika. Uamuzi ulikuwa wako. Mwanao atasema hata kujua na kuthamini huko kuna sababu zake. Mkubalie bila kigugumizi, kisha muulize ni lipi kati ya hayo angependa likutoke ili uwe huru zaidi.

Kwa kaka, usimjadili kadari jioni. Mwendee saa ambazo mwili wake umetulia, umuulize lile swali la Frankfurt kwa lugha yenu ya nyumbani: anataka nini kishinde? Akisema anataka kuacha, ulizeni hospitali ya mkoa kuhusu methadoni, na badala ya kumpa pesa za nauli mkononi, panda naye daladala asubuhi.